Pete ya nta inatoka na ngazi kwenye mshono nikikata pande mbili: mhimili A umekosea wapi?

sonara_nta aliandika:

Habari za kazi wakuu. Naomba msaada wa wanaochonga nta kwa mashine yenye mhimili wa kuzungusha.

Mashine ni ndogo ya mezani, mihimili minne: X, Y, Z na A ya kuzungusha, ambayo imelala sambamba na X. Kibano ni cha taya tatu, kipenyo 80 mm, mkanda wa 6:1, mota ya stepa ya hatua 200 kwa mzunguko, draiva imewekwa kugawa kila hatua mara 8. Spindeli inafika mizunguko 24,000 kwa dakika, koleti (kishikio cha biti) ER11, biti za shina la 3.175 mm. Naendesha kwa programu ya Mach3, na A nimeiwekea hatua 26.67 kwa digrii. Sifuri ya Z inatoka kwenye kitambuzi cha urefu kilichofungwa mezani. Sifuri ya Y nimeipata kwa kugusisha biti mbele na nyuma ya mwili wa kibano, nikagawa kwa mbili.

Pete ya majaribio haina urembo wowote: tundu 17.3 mm, nje 21.3, kwa hiyo ukuta ni 2.0. Nta ni bomba la kijani, tundu limepanuliwa kwa mkono kabla, bomba limebanwa na taya kwa nje. Nakata nikiwa A0 (digrii 0), kisha A180 (A imegeuzwa digrii 180). Hivi ndivyo inavyotoka:

- Nusu mbili zinapokutana kuna ngazi ya kama 0.15 mm. Upande wa nyuma (Y+) nusu iliyokatwa A0 ndiyo imetokeza, upande wa mbele imetokeza ile ya A180.
- Kimo cha juu hadi chini ni 21.42 badala ya 21.30.
- Ukuta wa juu ni 1.92, wa chini 2.20.
- Pete hiyohiyo nikiikata kwa kuzungusha mfululizo (A inazunguka bila kusimama) haina ngazi hata kidogo.

Hilo la mwisho ndilo linalonichanganya. Kama mhimili umekaa vibaya, kwa nini mfululizo unatoka safi? Nibadilishe posti ya programu (kigeuzi cha njia za biti kuwa amri za mashine), nifungue kibano, au nianzie wapi?

mikromita aliandika:

Mkuu, hapo kuna makosa matatu tofauti yamekutana kwenye pete moja. Posti usiiguse kwanza.

Ngazi ni ya Y. Chukulia sifuri yako ya Y imepita kitovu cha mzunguko kwa 0.075 kuelekea nyuma. Ukikata A0, nusu ya juu yote inahamia nyuma 0.075. Ukigeuza A180 biti inakosea kuelekea nyuma vilevile, ila sasa pete ndiyo iliyogeuka, kwa hiyo kwenye pete kosa linaangukia upande wa pili. Nusu mbili zinaachana 0.15, yaani mara mbili ya kosa lenyewe. Na hilo ulilosema, kwamba nyuma imetokeza nusu moja na mbele imetokeza nyingine, linathibitisha ni Y na si kitu kingine.

Kimo cha 21.42 ni cha Z. Sifuri ya Z ikikaa juu ya kitovu kwa 0.06, kila upande unabakiwa na 0.06 ya ziada, jumla 0.12. Usipime kipenyo cha mbele hadi nyuma kutafuta kosa la Z, maana hapo venia inashika ncha mbili zilizotokeza za mshono na itakusomea kama 21.45. Utadhani pete ni duara kubwa kuliko ilivyochorwa, kumbe ni nusu mbili zilizoteleza.

Ukuta: 1.92 na 2.20 jumla yake 4.12, yaani 0.12 zaidi ya 4.0. Hiyo 0.12 ni ileile ya Z. Ukiitoa, inabaki tofauti ya 0.28 kati ya juu na chini, na hiyo haihusiani na Y wala Z. Tundu la bomba lako liko 0.14 nje ya kitovu cha mzunguko. Watu wengi huhangaika fimbo ya nta ikiyumba kwenye kibano wakati haina madhara: ukikata umbo zima kwa ufungaji mmoja, nta inaweza kuyumba hata milimita nzima, mradi nyama ya kukata inatosha. Madhara yapo pale tu ambapo kuna sehemu iliyokwisha kutengenezwa, na tundu la bomba ni mojawapo.

Sasa kuhusu mfululizo. Biti ikiwa juu ya pete inayozunguka, kosa la Y la 0.075 kwenye nusu kipenyo cha 10.65 linabadilisha nusu kipenyo kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kinachotokea ni umbo zima kugeuka kwa takriban digrii 0.4, na pete isiyo na urembo haionyeshi kugeuka. Weka kikombe cha kushikia jiwe chenye kucha nne utaona kucha zimeinama upande mmoja. Kosa la Z kwenye mfululizo halileti umbo la yai, linanenepesha pete pande zote sawasawa. Kwa hiyo mfululizo hauko safi, umeficha.

Kupata sifuri kwa kugusa mwili wa kibano achana nako. Mwili wa kibano haulazimiki kuzunguka katikati ya mhimili wenyewe, kikiwa cha bei nafuu ndiyo kabisa. Pima kwa kukata:

Funga fimbo ya nta ya kijani ya 16 mm, itokeze 50 mm. Kama huna ya kipenyo hicho, funga kipande chochote kinene ukinyoe kiwe duara la 16 kwa kuzungusha A. Acha 15 mm kutoka kwenye taya bila kukata, kwa sababu nati ya ER11 ina kipenyo cha 19 mm na katika jaribio hili itashuka chini ya kimo cha kibano. Weka biti bapa ya 3.175 yenye makali yasiyopungua 12 mm. Gawa fimbo vipande vitatu vya 8 mm kufuata X, na 2 mm kati yake.

Kipande cha kwanza ni cha Z. Kata ubapa Z+5.000 ukiwa A0, kisha Z+5.000 ukiwa A180. Unene utakaopima ulitakiwa uwe 10.00. Kilichozidi, gawa kwa mbili. Ndicho kimo ambacho sifuri yako iko juu ya kitovu. Ukipungua, iko chini.

Kipande cha pili ni cha Y+. Ukiwa A0 kata ukuta wa nyuma kwenye Y+5, yaani kitovu cha biti kipite Y+6.5875, ushuke hadi Z-4 kwa milimita moja moja. Anza na 6.7875 ili ubakize 0.2, kisha mpito mmoja wa mwisho kwenye 6.5875. Biti ya 3.175 inafuta ukanda wote uliobaki hadi ukingo wa fimbo, huhitaji mpito wa pembeni. Geuza A180, rudia hivyohivyo bila kubadilisha namba yoyote. Pima upana, uite W1.

Kipande cha tatu ni vilevile lakini Y-5 (kitovu cha biti Y-6.5875), A0 na A180. Upana huo ni W2.

Kosa la Y = (W1 − W2) ÷ 4. Jibu likiwa chanya, sifuri iko nyuma ya kitovu. Uzuri wa kukata pande zote mbili ni kwamba kipenyo halisi cha biti, kujipinda kwake na kuyumba kwa koleti vinaingia sawa kwenye W1 na W2, halafu vinafutika unapotoa. Ukitumia W1 peke yake, biti iliyolika 0.02 itakudanganya. Sharti moja: mpito wa mwisho wa Y+ uende kuelekea X+, na wa Y- uende kuelekea X-, ili makali yashambulie nta kwa namna moja pande zote. Ukienda kichwa kichwa, kujipinda hakufutiki.

Kwa nini Z-4? Kuta mbili zinafunikana kuanzia -4 hadi +4 tu, na uso wa mikromita una kama 6.5 mm. Ukiishia Z-1 mikromita itagonga nyama iliyobaki chini na hutapata kipimo. Kaza mikromita kwa kutumia kirungu chake cha mwisho kinachoteleza, taratibu; nta hubonyea na 0.01 hupotea hivihivi.

Program ya jaribio iandike kwa mkono, mistari yenyewe michache. Isipite kwenye programu ya kutengeneza njia za biti, ili kama mchoro wako wa pete haukukaa kwenye sifuri kosa hilo lisichanganyike na la mashine.

alenkii aliandika:

Naunga mkono aliyetangulia, ila hiyo 26.67 nimeiona na haiwezi kuachwa.

Hatua 200 × 8 × 6 = 9,600 kwa mzunguko. Gawa kwa 360 ni 26.666666 inayoendelea. Ukiandika 26.67, mashine inatuma hatua 9,601.2 kwa kila mzunguko. Kwenye A180 kosa ni digrii 0.02, halionekani. Lakini kwenye mfululizo linajumlika: hatua 1.2 ni digrii 0.045, na kazi ya kunakshi yenye mizunguko 200 inamaliza ikiwa imepitiliza digrii 9. Kama umewahi kukata mfululizo halafu ukarudi A0 kusafisha kikombe cha jiwe, ukakuta biti inakula kucha za upande mmoja, chanzo ni hiki. Andika 26.66666667. Mach3 inapokea tarakimu zote.

Hakikisha pia uwiano wa mkanda kwa kuhesabu meno ya puli zote mbili, usiamini kibandiko. 6:1 ni, kwa mfano, meno 15 kwa 90. Ikiwa 15 kwa 60 hiyo ni 4:1, na hatua sahihi zinakuwa 17.77777778.

Halafu pleyi (ulegevu) ya A. Bana kipande cha chuma bapa kwenye kibano kitokeze pembeni, weka ncha ya geji ya mshale (saa ya kupimia mihamo midogo) 100 mm kutoka kitovuni. Amuru A iende +5 irudi 0, soma; iende -5 irudi 0, soma tena. Kwa umbali huo digrii 0.1 ni 0.17 mm kwenye geji. Tofauti kwenye geji ikiwa chini ya 0.05 mm iache ilivyo. Ikizidi, kabla hujakaza mkanda angalia skrubu zisizo na kichwa zinazofunga puli ndogo kwenye shafti ya mota. Mara nyingi ni mbili: moja inatakiwa ikae kwenye ubapa wa shafti, na ndiyo huwa haijakaa. Geuza puli hadi uisikie imekaa, kaza, tia tone la gundi ya nyuzi ile ya nguvu ya kati. Mkanda ukikazwa kupita kiasi unavuta shafti ya kibano na kuanza kuyumba upya, kwa hiyo pleyi ya puli haimalizwi kwa mkanda.

Usiiwashe fidia ya pleyi ya programu kwa A. Inafanya mota iruke kila mwelekeo unapobadilika, na kwenye nta kuruka huko kunaacha mistari inayofanana na meno ya msumeno.

Na taya. Nta haishiki kama shaba. Kabla ya kazi chora mstari mmoja wa kalamu ya wino unaopita juu ya taya na kuendelea kwenye nta. Kazi ikiisha mstari ukiwa umekatika, nta imeteleza ndani ya kibano na hakuna kipimo chochote hapo juu kitakachokusaidia. Bomba ndilo linaloongoza kwa hili, kwa sababu ukilikaza zaidi ukuta wake unabonyea badala ya kushikika.

skwea_na_shimu aliandika:

Mpangilio wenu mzuri lakini mmeanzia katikati. Kitovu kinapimwa baada ya kujua mhimili uko sambamba na X. Kama umepinda, jibu la Y utakalolipata 20 mm kutoka kwenye taya halitakuwa jibu la 45 mm, na utabaki unafukuza namba.

Chukua fimbo ya chuma iliyonyooka ya 8 mm, zile laini za printa kuukuu zinafaa sana. Ifunge itokeze 100 mm. Weka geji ya mshale kwenye spindeli (spindeli imezimwa, isizunguke), iguse mgongo wa fimbo, tembeza X kwa 80 mm, andika tofauti ya mwanzo na mwisho. Geuza A180, rudia. Wastani wa hizo mbili ndio mteremko wa mhimili. Fimbo kupinda au kukaa upande kunafutika kwenye wastani. Mfano: A0 inasoma +0.05 mwishoni, A180 inasoma -0.01. Wastani ni +0.02, yaani ncha ya mbali iko juu kwa 0.02 katika 80 mm. Rudia kwa geji ikigusa ubavu wa fimbo kupata ya Y.

Ya Y unarekebisha kwa kulegeza boliti za kitako na kugonga kidogo kwa nyundo ya plastiki huku geji imeguswa. Ya juu-chini inahitaji shimu, yaani kipande chembamba cha kuinulia. Boliti za kitako zikiwa zimeachana 60 mm kufuata X, mteremko wa 0.02 kwa 80 ni 0.015 kwa 60, na karatasi ya aluminiamu ya kufungia chakula ina unene wa karibu hapohapo. Tabaka moja linatosha. Ncha ya mbali ikiwa juu, weka chini ya boliti za nyuma, upande wa mota. Kipande cha kopo la soda ni kama 0.1, kwa hapa ni kinene mno. Futa kitako kwa spiriti kwanza. Unga wa nta chini yake ni shimu tosha ambayo hukuipanga.

Kiegemeo cha nyuma (kinachoshika ncha ya pili ya fimbo) usikiguse mpaka hayo yaishe. Kisha funga fimbo ileile, weka geji karibu na ncha ya mwisho, sogeza kiegemeo kiguse. Mshale ukihama zaidi ya 0.02, kiegemeo kinaisukuma fimbo pembeni, na nta nayo itasukumwa. Kwa nta, ncha iguse tu izunguke nayo, isibonyeze. Mchana wa joto nta ya bluu inalegea kwanza, ya zambarau inafuata, ya kijani ndiyo inayovumilia. Ukibonyeza bomba la bluu kwa kiegemeo, Dar saa nane mchana, linajipinda lenyewe polepole wakati biti inaendelea kukata.

Jambo jingine ambalo halijatajwa: wima wa Z. Simamisha skwea ya chuma mezani, geji kwenye spindeli iguse uso wake unaotazama Y, pandisha Z kwa 40 mm. Mashine hizi ndogo hukutwa zimeinama 0.04 kwa safari hiyo. Hiyo ni 0.001 kwa kila milimita. Inaonekana ndogo, lakini ukitoka biti fupi ukaweka ndefu zaidi kwa 15 mm, gari la Z linafanya kazi 15 mm juu zaidi, na spindeli ikiwa haijainama pamoja na nguzo, Y yako imehama 0.015 bila kugusa kitu. Ngazi ni mara mbili, 0.03, na ukucha unaisikia. Ukiweza nyoosha nguzo. Ukishindwa, biti zote zitokeze kwenye koleti kwa urefu mmoja: ile pete ya plastiki inayokuja kwenye shina la biti ndiyo kazi yake, isogeze zote zilingane kwa venia.

Spindeli iwashwe dakika 10 hadi 15 kabla ya kupima chochote. Ikipata joto inarefuka kwa sehemu chache za mia za milimita, na Z uliyoipima ikiwa baridi si Z ya kukatia.

sonara_nta aliandika:

Shukrani sana wakuu. Nimefuata mpangilio wa skwea_na_shimu kwanza: juu-chini wastani ulikuwa +0.02 kwa 80 mm, foili tabaka moja upande wa mota, sasa ni chini ya 0.005. Ubavu umebaki 0.01. Hatua za A nimeandika 26.66666667. Skrubu moja ya puli ilikuwa imekaa kwenye mduara wa shafti, si kwenye ubapa.

Jaribio la kukata: unene wa Z ni 10.12. W1 ni 10.16, W2 ni 9.86.

Mawili bado. Kwanza, hiyo Z naisahihisha wapi, maana kila biti inagusa kitambuzi upya na namba inajirudisha. Pili, tundu la bomba nililiwekaje katikati?

mikromita aliandika:

Y: 10.16 kutoa 9.86 ni 0.30, gawa kwa 4 ni 0.075. Nenda Y0, sogea hadi Y-0.075, fanya hapo ndiyo sifuri mpya. Wastani wa W1 na W2 ni 10.01, maana yake biti yako kwa kweli inakata 3.165 na si 3.175. Iandike hivyo kwenye orodha ya biti.

Z usiisahihishe kwenye biti. Isahihishe kwenye kimo cha kitambuzi. Mahali fulani kwenye makro yako ya kugusa kuna namba inayosema uso wa kitambuzi uko milimita ngapi kutoka kitovu cha A. Sifuri yako iko juu kwa 0.06, maana yake uso wa kitambuzi kwa kweli uko 0.06 juu zaidi ya ulivyoandika. Ongeza 0.06. Ikiwa imeandikwa 42.350 iwe 42.410. Ikiwa kitambuzi kiko chini ya kitovu na namba ni hasi, kujumlisha ni kulekule: -12.400 inakuwa -12.340. Hapo ndipo watu hugeuza alama, jaribio la pili linatoka 10.24 wakaanza kulaumu mota. Ukiona kosa limekuwa mara mbili kamili, ni alama tu.

Vumbi la nta juu ya kitambuzi nalo linahesabika. Futa kabla ya kila biti.

alenkii aliandika:

La tundu: usibane bomba kwa nje tena. Bana kipande cha nailoni au aluminiamu cha kama 20 mm kwenye kibano, kitokeze 40 mm, ukinyoe palepale kwa kuzungusha A mpaka kiwe 17.2. Kwa kuwa kimenyolewa na mhimili wenyewe, kiko katikati yake kwa lazima, kibano kiyumbe kisiyumbe. Panua tundu la nta hadi 17.2 likiingia kwa kusukuma kwa kidole, ukigeuza upande kila mara kwa sababu kile kipanuzi cha mkono kina mteremko na tundu la upande mmoja litakuwa pana kuliko la pili. Vaa bomba, lifunge kwa washa na skrubu moja mwishoni, washa isizidi kipenyo cha pete ili biti isiigonge. 0.1 inayobaki utaimaliza kwa msasa.

Mandreli hiyo, yaani kipande hicho cha nailoni au aluminiamu, isitolewe kwenye kibano. Ikibidi, weka alama kwenye taya namba moja na kwenye mandreli, irudi palepale, na bado uipitishie biti kidogo. Ikitoka 17.15 chonga nyingine. Nailoni ni rahisi kuliko nta uliyoipoteza.

skwea_na_shimu aliandika:

Hapo kwenye kunyoa mandreli kwa biti: tumia biti bapa, Y0 ile mpya, na mpito wa mwisho uwe 0.1 tu. Ukinyoa aluminiamu kwa kina cha nta, mkanda wa 6:1 unaruka jino na A inapoteza sifuri yake. Baada ya kunyoa soma geji juu ya mandreli ikizunguka mzunguko mzima. Ukipata zaidi ya 0.01 si kuyumba kwa kibano tena, ni beringi ya kibano, na hiyo foili haiitibu.

Ukimaliza rudia kipande cha Z peke yake kwenye fimbo mpya, spindeli ikiwa na joto. Ikisoma kati ya 9.99 na 10.02 kata pete.